Ndoo ya Kwanza ni ya Farasi

Miongoni mwa methali tulizorithi pwani iko moja iliyomdhulumu mnyama kwa muda mrefu, nayo ni ile isemayo kwamba fadhila ya punda ni mateke. Na mimi niliyekulia Unguja, katika mtaa ambao mnyama wa kwato tuliyemwona kila siku alikuwa ni punda wa gari la mawe, niliisema methali hiyo mara nyingi nisijiulize hata siku moja kama punda naye alikuwa na la kusema juu ya fadhila zetu. Leo umri umesogea, na riziki imenivusha bahari hadi Batina, ule ukanda wa pwani ya Omani ulioenea kaskazini-magharibi ya Maskati, ambako nina shamba dogo la mitende karibu na mji wa Barka, na farasi watatu: majike wawili na dume mmoja aliyehasiwa. Baada ya kuwatumikia miaka kumi na mmoja naona kwamba methali ile ilimstahiki mwanadamu zaidi kuliko punda. Na kwa kuwa wapo vijana wetu wengi walioifuata Ghuba kwa kazi au kwa jamaa, na baadhi yao wamejikuta zizini mwa farasi ama kwa mapenzi ama kwa ajira, nimeonelea niwaandikie machache mintarafu ya shukrani, si ile ya kutamkwa katika hafla, bali ile ya kila siku, ya watu wenye kazi za kufanya.

Farasi ana sifa moja ambayo kwa mtu aliyezoea kujidanganya ni adhabu tupu, nayo ni kwamba hapokei maneno. Waweza kumwambia jirani kuwa umemkumbuka mno, na jirani kwa uungwana wake akakuitikia vizuri, ilhali nyote wawili mwajua kuwa hukumkumbuka hata kidogo. Lakini farasi ambaye ndoo yake ni tupu saa kumi na mbili za asubuhi hana jawabu ila kuipiga ndoo hiyo kwa ukwato mpaka ilie kama mbiu ya mgambo, na mtaa mzima ukajua wewe ni mtu wa namna gani. Kwa hiyo shauri langu la kwanza ni dogo: maji ya kwanza yanayotekwa nyumbani kwako alfajiri yawe ya farasi, kabla birika la kahawa halijawekwa motoni, na mkono wako mwenyewe ndio uyapeleke, walau siku nne katika juma, hata kama unaye mtumishi. Farasi wa kadiri hunywa baina ya lita 20 na 50 kwa siku, na katika miezi ya Juni na Julai, ambapo joto la Batina aghalabu hupita nyuzi 40, hunywa zaidi ya hapo, maana jasho lake hutoka kwa wingi na chumvi yake ni nyingi. Isugue ndoo kwanza. Pua ya farasi ni kali, na maji yenye harufu ya jana atayaacha ingawa kiu inamuua.

Kisha usiondoke. Simama umtazame akinywa: midomo huyagusa maji kana kwamba inayabusu, masikio huenda mbele na kurudi nyuma kwa kila funda linalopita kooni, na akisha kuinua kichwa husimama kidogo, akayaachilia matone ya mwisho yakadondoka juu ya viatu vyako, halafu akashusha pumzi moja ndefu. Jambo lote hilo halizidi dakika tatu, na nakiri mbele ya wasomaji kwamba dakika hizo zimenifunza kushukuru kuliko nyuradi nyingi nilizozisoma huku moyo wangu uko sokoni.

Maadamu umesimama na ndoo tupu mkononi, jiulize maji yale yametoka wapi, kwani hapo ndipo mlango wa kuijua nchi ulipo. Mtu ajaye ugenini huanza na barabara na majumba, akavisifu au akavikashifu, akadhani amekwisha kuijua nchi ya watu. Mimi naona aanze na maji. Katika Batina twategemea visima, na visima hivyo vimevutwa kwa pampu miongo mingi kupita kadiri yake, hata maji ya bahari yakapenya chini ya ardhi, na mashamba mengi yaliyo karibu na ufuko yakaharibika kwa chumvi. Ipo mitende niliyoikuta na makole yake manene, leo imebaki vigogo. Lakini ukipanda milimani, upande wa Nizwa, utaikuta mifereji ya kale iitwayo aflaj, ambayo hutoa maji ya chini ya mlima na kuyateremsha mashambani kwa mteremko peke yake, bila ya mashine. Iliyo hai mpaka leo ni kama 3,000, na mitano kati yake, ukiwamo Falaj Daris wa Nizwa, iliingizwa mwaka 2006 katika orodha ya UNESCO ya urithi wa dunia. Maji ya mfereji huo hayagawanywi kwa ndoo bali kwa muda: fungu moja huitwa athar, nalo ni kama nusu saa, ambalo wenyeji walilipima mchana kwa kivuli cha mti uliosimikwa ardhini, na usiku kwa kuchomoza kwa nyota. Pale maji yanapotokeza mwanzo ni pa watu wote kuchota ya kunywa, ndipo yafuate ya msikiti na ya kuoga, na mashamba yaje nyuma. Siku niliyofahamishwa mpango huo na mzee mmoja aliyekaa ukingoni, miguu yake imo majini, nilirudi Barka nikapunguza bomba langu; na mpaka leo siwezi kumwaga mabaki ya ndoo ovyo, nayapeleka shinani mwa mtende.

Shauri la pili lawahusu watu, na hapa nitakuwa mkali kidogo. Mgeni mwenye farasi aghalabu humshukuru mwenyeji na kumsahau mgeni mwenziwe. Omani ya leo, kama zilivyo nchi nyingine za Ghuba, haiendi bila ya mikono ya watu wa Bangladesh, India na Pakistani, na hakuna pahala ambapo jambo hilo huonekana waziwazi kama zizini. Saisi wangu ni mtu wa Bangladesh, baba wa watoto wawili ambao huwaona kila baada ya miaka miwili; yeye ndiye aujuaye ukwato upi una moto na jike yupi hakulala, nami nikisifiwa kwa farasi wangu kung'aa, sifa hizo ni zake nilizovaa mimi kama kanzu ya kuazima. Basi mshukuru saisi kwa mambo yanayohesabika: mshahara tarehe yake bila ya kukumbushwa, kivuli na feni kwenye chumba chake kabla ya kuweka feni zizini, na siku ya mapumziko isiyokatizwa kwa simu. Na ukimpita akiwa kazini, mwambie kama wasemavyo wenyeji, *yaatik al-afya*, yaani Mungu akupe afya. Neno afya tunalo sisi tangu zamani, ila tumelifungia hospitalini. Huku hutamkwa juu ya mgongo ulioinama na koleo mkononi, mahali ambapo sisi tungesema pole na kazi.

Nimetaja maneno, nayo ni shauri jingine. Miaka yangu ya mwanzo nilisema *shukran* kwa kila jambo, kubwa na dogo, mpaka jirani yangu, mzee wa makamo ya baba yangu ambaye mimi humwita ami na yeye huniita mwanangu, akaanza kunitazama kama mtazamwavyo mtu anayelipa deni barabarani kwa sauti kubwa. Mkewe alikulia Pemba, akaja huku na jamaa zake baada ya 1970, wakati Sultani Qaboos alipowafungulia mlango watu wenye asili ya Omani waliokuwa ng'ambo, na Kiswahili chake bado kina harufu ya mikarafuu. Yeye ndiye aliyenieleza kwamba kwa watu wa huku, mtu aliyekufanyia hisani kubwa huambiwa *ma qassart*, ambalo tafsiri yake ni kwamba hukupunguza kitu. Tafakari uzito wake. Shukrani ya namna hiyo haisemi juu ya furaha yangu mimi niliyepewa. Yasema juu ya kazi yako wewe uliyetoa, kwamba nimeipima na nimeikuta imetimia. Tangu siku hiyo nimejizuia nisilitamke ila pale ambapo kweli nimepima. Nawausia mfanye hivyo hivyo katika nchi yoyote mtakayokaa: jifunzeni wenyeji hushukuru kwa neno gani, wakati gani, na hasa wapi hunyamaza, kabla ya kujifunza namna ya kuuliza bei. Hata kikombe cha kahawa kina lugha yake. Huku humiminiwa tena na tena, na hakikomi mpaka ukitikise kidogo mkononi, ishara ya kwamba umetosheka. Mimi siku ya kwanza nilikunywa vikombe tisa kwa kuona haya.

Kuhusu kwato nitasema kwa ufupi, ingawa mafundi wa fani hii wangetaka kitabu. Kila siku, kabla na baada ya kumpanda, nyanyua mguu mmoja mmoja, utoe mchanga na vijiwe kwa kile chuma chenye ncha iliyopinda, ukitoka kisiginoni kwenda mbele, na uihurumie ile nyama ya pembetatu iliyo katikati. Na kila baada ya majuma sita hadi manane mlete fundi azipunguze. Mtu aliyenyanyua miguu minne ya farasi watatu kwa mwaka mzima hatahitaji kuhimizwa atazame anachopewa.

Lakini nilichokusudia hasa kukisimulia ni usiku mmoja wa mwezi wa Agosti. Hori la jike wangu mkubwa, Saada, lilikuwa limepasuka ubao, nami kwa ajizi nikawa naahirisha kulitengeneza, juma la kwanza, juma la pili, yule mnyama akila majani yake juu ya mchanga. Majani yenyewe ni yale waitayo huku *qatt*, ndiyo lusini waijuayo wafugaji wa Kenya. Ni matamu, na farasi huyafuata hadi kipande cha mwisho, akafagia na mchanga pamoja nayo. Saa sita za usiku saisi aligonga mlango. Saada alikuwa amesimama katikati ya zizi, majani hajayagusa, akigeuza shingo kuutazama ubavu wake kana kwamba kuna mtu amemwita kutoka huko, akichimba ardhi kwa mguu wa mbele, mdomo wa juu umekunjika. Mara alale, mara ainuke. Huo ni msokoto wa tumbo, na mfugaji wa farasi huuogopa kuliko mwizi, kwa sababu farasi hawezi kutapika: kilichoingia hakina njia ila moja.

Nilimpigia daktari wa mifugo, nikamwamsha na jirani. Alikuja na taa na kikoi, hakunisalimu kwa marefu. "Mwanangu, ondoa majani yote, mtembeze polepole, usimwache ajibwage," alisema, kisha akalibandika sikio lake ubavuni mwa Saada, nyuma ya mbavu, akanyamaza. "Njoo usikilize." Nikaweka sikio langu. Tumbo la farasi mzima hunguruma muda wote kama mtungi unaojazwa kisimani; lake lilikuwa kimya, kimya kama nyumba iliyohamwa. "Ami," nikamwambia, "ni kosa langu. Hori limevunjika tangu mwanzo wa mwezi." Hakunilaumu wala hakunifariji, alishika kamba, tukapokezana, yeye mzunguko mmoja, mimi mmoja, saisi mmoja, hadi daktari alipofika, akampitishia mpira puani mpaka tumboni, akamimina maji na mafuta. Alfajiri, muadhini akiadhini, Saada aliinua mkia akatoa kinyesi kidogo kilichong'aa mafuta na kujaa mchanga, nasi watu wanne wazima, mmoja wao msomi wa chuo kikuu, tulisema Alhamdulillahi kwa sauti moja mbele ya mavi ya farasi. Sijapata kuitamka kwa ikhlasi kama ile.

Faida ya kisa hiki kwa mfugaji ni nyepesi: lishia kwenye hori au juu ya mkeka mgumu, na mara moja kwa juma chukua kinyesi, kikoroge katika ndoo ya maji, uache kitulie, ukiona mchanga umetanda chini, muite daktari kabla hujaitwa wewe. Na kwa mwenye kutaka kujizoeza shukrani, atenge nusu dakika kila jioni aliweke sikio lake ubavuni mwa mnyama wake. Ile sauti ya kunguruma ni neema ambayo wengi huifahamu siku ilipokatika.

Wako watakaoniuliza: mambo haya ya zizini yanahusianaje na elimu na dini? Nawarejesha kwenye sura ya mia ya Kurani, Al-Adiyat, ambayo huapa kwa wale waendao mbio wakihema, na kwato zao zikitoa cheche, kisha kiapo kile kikatua juu ya jambo moja, kwamba mwanadamu ni mtovu wa shukrani kwa Mola wake. Wafasiri wengi wamesema ni farasi, wengine wamesema ni ngamia, sitaingia kati yao. Ila aliyepata kumwona farasi akimpeleka mpandaji wake pale asipopataka yeye mwenyewe, kwa ajili ya konzi mbili za shayiri, hashangai kwa nini viwili hivyo vimewekwa pamoja.

Na ukiisoma historia ya pwani mbili hizi, utakuta kwato zimepita pengi. Ibn Battuta, aliyetembelea Mombasa na Kilwa mnamo 1331, alipanda chombo kutoka kwetu akaenda Dhofari, na huko akaandika habari za farasi wanaopakiwa kwenda Bara Hindi. Ilhali kwetu sisi farasi hakusitawi, kwa sababu ya mbung'o na maradhi mengine, na Unguja yenyewe haikusalimika na mbung'o hadi miaka ya 1990. Mwaka 1840 Sayyid Said alituma merikebu yake, Sultana, kutoka Zanzibar hadi New York, chini ya mjumbe wake Ahmad bin Naaman, na katika zawadi walikuwamo farasi wawili wa Kiarabu kwa Rais wa Marekani, Martin Van Buren. Sheria ya kule haikumruhusu Rais kuzipokea ziwe zake, farasi wakapigwa mnada na fedha zikaingia hazina. Nilipokisoma kisa hicho ujanani nilikasirika nikaona ni ujeuri. Sasa naangalia upande mwingine, ambao hausimuliwi sana: Wamarekani waliichukua merikebu ile iliyochakazwa na safari, wakaitengeneza kwa gharama yao katika karakana ya jeshi lao la majini, ikarudi baharini ikiwa nzima. Aliyeshindwa kuipokea hidaya alishukuru kwa misumari na mbao, nami nikikumbuka hori langu lililopasuka naona hao walikuwa mafundi wa shukrani kuliko mimi.

Ukipata nafasi, nenda ukatazame ardha ya farasi, ambayo UNESCO iliitambua mwaka 2018 pamoja na ya ngamia. Wapandaji hutoka wawili wawili, farasi wakienda shoti bega kwa bega, na mmoja akasimama wima juu ya mgongo, mkono wake umemshika mwenziwe. Na utamwona farasi akilazwa chini kwa sauti na mguso tu, atulie kama mtoto. Nenda kama mwanafunzi, usiende kama hakimu. Usianze kusema kwetu ngalawa zetu zina mbio zaidi.

Hapo pana mtego wa walio ugenini, nao ni kudhani kuwa kuishukuru nchi moja ni kuisaliti nyingine. Wapo wasemao kila kitu cha Omani ni bora, mpaka embe. Wapo nao waliokaa miaka ishirini wakilalamikia joto. Wote hawa wawili hawana mnyama wa kumtunza, labuda. Wala sisemi kwamba mwenye shukrani awe bubu. Niliwahi kuuziwa robota thelathini za majani makavu yaliyooza ndani kwa ukungu, na muuzaji, sitamtaja, akaniambia kwa tabasamu kuwa mgeni hana budi kushukuru kwa anachokipata. Nilimrudishia robota zote kwa gari langu mwenyewe, nikadai fedha yangu, nikaipata nusu. Anayekutaka ushukuru ili asihesabiwe makosa yake, hakutaki shukrani, atakayo ni risiti.

Siku ya tatu baada ya usiku ule wa Saada nilitengeneza hori. Mke wangu alikaanga mandazi ya hiliki, tukayatia kikapuni, nikayapeleka kwa jirani, nikasimama mlangoni nikiwa nimejitayarisha na lile neno moja. "*Ma qassart*, ami," nikasema. Alinitazama kidogo, akaitikia, akakichukua kikapu bila ya kukifunua. Jioni kikarudi kwa mkono wa mjukuu wake, nacho kimejaa tende za khalas zilizofunikwa kwa kipande cha mkeka. Mke wa mzee, ambaye Pemba haijamtoka, ameiandama mila ya kwao na yetu kwamba chombo hakirudi kitupu. Mke wangu akazimimina tende katika sinia, akakipangusa kile kikapu, akaanza kuuliza kesho tutatia nini.